Makanisa Madogo na Visima Vitakatifu vya Wales

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza iko nchi ya Wales, nchi ya milima, mvua nyingi na mabonde membamba, yenye watu wapatao milioni 3. Mgeni anayesafiri huko kwa mara ya kwanza hutambua jambo moja upesi, nalo ni kwamba majina ya vijiji vingi huanza kwa neno moja: Llandeilo, Llanddewi, Llangybi, Llanbadarn, Llanfair. Akiuliza maana yake ataambiwa kuwa llan, katika lugha ya Kiwelisi, ni kanisa, na kwamba sehemu ifuatayo ni jina la mtakatifu. Llandeilo ni kanisa la Teilo, Llanddewi ni kanisa la Daudi, na Llanfair ni kanisa la Mariamu. Kwa hiyo ramani ya nchi hiyo ni kama daftari la watu waliokufa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Wengi wao hawajulikani leo kwa jambo lo lote ila jina, kanisa dogo la mawe, na mara nyingi kisima kilicho karibu nalo.

Makala haya yataeleza jinsi makanisa hayo yalivyoanza, kwa nini maji ya visima yalihesabiwa kuwa matakatifu, na mambo yaliyovipata visima hivyo tangu hapo hata sasa.

MAANA YA NENO LLAN

Hapo kale neno llan halikuwa na maana ya jengo. Maana yake ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa boma. Utawala wa Warumi ulikoma katika Uingereza karibu na mwaka 410, na katika karne mbili zilizofuata walitokea Wales watawa wengi waliojitenga na watu ili wapate kusali kwa utulivu. Mtawa alipoona mahali panapomfaa, penye maji na kinga ya upepo, alizungushia boma, akasimamisha kibanda, akakaa humo. Watu wa jirani walimwendea kutaka mafundisho na shauri, na mwisho walitaka kuzikwa karibu naye. Alipokufa yeye, kiwanja kilibaki na jina lake.

Ndiyo sababu makanisa mengi ya kale ya Wales yamesimama katikati ya ua wa mviringo. Waliojenga baadaye walibadili kuta na paa, lakini hawakuthubutu kuuvunja mpaka wa kiwanja, kwa kuwa ulikuwa umejaa makaburi. Aidha, katika nyua hizo imo miti mikubwa yenye majani membamba yasiyopukutika wakati wa baridi, ambayo kwa Kiingereza huitwa yuu. Mti mmoja wa namna hiyo katika ua wa kanisa la Llangernyw, upande wa kaskazini, ni wa kale mno. Wako wasemao kwamba umeishi kwa miaka 4,000, ingawa wataalamu wa miti hawakubaliani juu ya hesabu hiyo, maana kiini chake kimeoza na haiwezekani kuhesabu pete za umri wake. Hata hivyo hakuna anayeshuka chini ya miaka mingi sana.

Vibanda vya watawa vilioza zamani. Makanisa ya mawe yanayoonekana leo yalianza kujengwa hasa katika karne ya 12 na baadaye. Ni madogo kwa sababu watu waliokuwa wakiyatumia walikuwa wachache, wakulima na wafugaji waliotawanyika milimani, wala hawakuwa na mali ya kujengea makubwa. Wahenga wetu wamenena, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa wakulima wale kanisa la mikeka michache lilikuwa ndilo jengo kubwa na zuri kuliko yote waliyoyaona katika maisha yao.

MAJENGO MANNE YA KUTAZAMA

Katika ufuko wa Rhos-on-Sea, pwani ya kaskazini, liko kanisa la Mtakatifu Trillo. Ndani yake vimo viti vya watu 6 tu. Mwenye kuingia akitazama chini ya madhabahu ataona maji safi, kwa maana kanisa lilijengwa juu ya chemchemi yenyewe. Kwa muda wa karne nyingi maji hayo yalitumika kuwabatizia watoto wa sehemu ile.

Upande wa kusini-magharibi, katika wilaya ya Pembroke, liko kanisa la Mtakatifu Govan. Hilo limebanwa kati ya majabali mawili chini ya genge la bahari, hata mtu aliye juu hawezi kuliona mpaka ashuke kwa ngazi za mawe. Urefu wake haufiki futi 20. Jengo lililopo ni la karne ya 13 au ya 14, bali yasemekana kwamba mtawa Govan aliishi hapo katika karne ya 6. Wenyeji husema kuwa hakuna awezaye kuzihesabu ngazi zile akapata hesabu moja katika kushuka na katika kupanda. Kisima kilichokuwa chini ya kanisa kimekauka sasa.

La tatu ni kanisa la Mtakatifu Cwyfan katika kisiwa cha Anglesey. Wakati lilipoanza kujengwa katika karne ya 12, lilikuwa katika ncha ya nchi kavu. Bahari ililila bara kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, hata kanisa likabaki peke yake juu ya kisiwa kidogo sana. Katika karne ya 19 mawimbi yalikuwa yamekwisha fikia makaburi, na baadhi ya makaburi yakaanguka baharini. Mwishoni mwa karne hiyo fedha zilichangwa, ukajengwa ukuta wa mawe kukizunguka kisiwa chote, na kanisa likatengenezwa upya. Mtu atakaye kwenda kusali humo hupita juu ya njia ya mawe wakati wa maji kupwa, naye sharti atoke kabla ya maji kujaa.

La nne ni kanisa la Partrishow, milimani karibu na mpaka wa Uingereza. Hadithi ya kanisa hilo ni ya kusikitisha. Mtawa Issui aliishi katika bonde karibu na chemchemi, akawakaribisha wasafiri. Siku moja alimpokea msafiri ambaye, baada ya kula na kulala, alimwua mwenyeji wake. Hadithi yaendelea kusema kwamba baadaye sana mgonjwa wa ukoma alinawa katika chemchemi ile akapona, akaacha mfuko wa dhahabu ili lijengwe kanisa. Ndani ya kanisa mna jiwe la kubatizia lililochongwa katika karne ya 11, na kiambaza cha mbao kilichonakshiwa kwa ustadi mkubwa karibu na mwaka 1500. Ukutani imechorwa mifupa ya mtu aliyesimama, akishika saa ya mchanga na sepetu, kuwakumbusha waumini wasiojua kusoma kwamba kila mtu atakufa.

KWA NINI MAJI?

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini watawa hao walipenda chemchemi? Jibu la kwanza ni jepesi: mtu hawezi kuishi bila maji. Mvua inayonyesha milimani hupenya katika nyufa za miamba, hasa miamba ya mawe ya chokaa, husafiri chini kwa chini, kisha hutokea mabondeni. Maji ya namna hiyo hayakauki upesi wakati wa kiangazi, wala hayagandi upesi wakati wa baridi. Kwa watu wasiojua safari ile ya chini ya ardhi, maji yanayobubujika usiku na mchana bila kupungua yalikuwa ni ajabu, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba ni zawadi iliyotolewa kwa ajili ya mtu mwema.

Jibu la pili ni ubatizo. Kila kanisa lilihitaji maji, na maji yaliyotumika kwa kazi hiyo yaliheshimiwa. Jibu la tatu ni ugonjwa. Waganga walikuwa wachache, na maskini hawakuweza kuwalipa. Kila kisima kilijulikana kwa maradhi yake: hiki kwa macho, hiki kwa chunjua, hiki kwa maumivu ya viungo. Mgonjwa alinawa, akasali, akatupa pini majini au akafunga kitambaa katika mti wa karibu. Mwaka 1954 mwanachuoni Francis Jones alitoa kitabu juu ya visima vitakatifu vya Wales, naye alikuwa amekusanya habari za visima zaidi ya 1,000.

Desturi nyingine zilikuwa za ajabu. Katika kijiji cha Llandegla mgonjwa wa kifafa alinawa katika kisima baada ya jua kutua, akakizunguka mara tatu akichukua jogoo ndani ya kikapu, au kuku jike kama mgonjwa ni mwanamke. Kisha aliingia kanisani akalala chini ya meza ya madhabahu mpaka asubuhi, Biblia ikiwa ndiyo mto wake. Kuku aliachwa humo. Akifa, ilisadikiwa kwamba ugonjwa umemhamia. Habari hizo ziliandikwa katika karne ya 18 na Thomas Pennant, mtu wa Wales aliyekuwa mtaalamu wa viumbe na msafiri mashuhuri.

KISIMA CHA GWENFFREWI

Kisima mashuhuri kupita vyote ni kile cha Holywell, mji ambao jina lake la Kiwelisi, Treffynnon, maana yake ni mji wa kisima. Hadithi yake ni hii. Katika karne ya 7 palikuwa na msichana aitwaye Gwenffrewi, ambaye Waingereza humwita Winefride. Mwana wa mtu mkubwa, Caradog, alimtaka kwa nguvu, naye alikataa akakimbilia kanisani kwa mjomba wake Beuno. Caradog alimfuata akamkata kichwa. Kichwa kilipoanguka, chemchemi ilibubujika mahali pale. Beuno alikirudisha kichwa mahali pake, akaomba, na msichana akafufuka, akaishi miaka mingi akiwa mtawa.

Hadithi hiyo iliandikwa katika karne ya 12, yaani miaka 500 hivi baada ya mambo yenyewe, kwa hiyo haiwezekani kuitenga kweli yake na mapambo yake. Mawe ya kisima yana madoa mekundu, na watu wa kale walisema ni damu ya Gwenffrewi. Wataalamu wa mimea walichungua wakaona kuwa rangi ile yatokana na mwani mdogo unaoota juu ya mawe yenye unyevu.

Lakini waliokwenda huko hawakuwa wajinga wala maskini peke yao. Mfalme Henry wa Tano alikwenda kuhiji mwaka 1416. Mapema katika karne ya 16 lilikamilika jengo zuri la mawe lililopo mpaka leo, lenye birika kama nyota, na husemwa kwamba mfadhili wake alikuwa Margaret Beaufort, mama wa Mfalme Henry wa Saba. Mfalme James wa Pili alifika mwaka 1686. Mahujaji hupita majini mara tatu wakisali, kisha hupiga magoti juu ya jiwe liitwalo jiwe la Beuno.

AMRI YA MWAKA 1538

Kati ya ziara za wafalme hao lilipita jambo kubwa, ndilo Matengenezo ya Kanisa. Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Papa wa Roma, na mwaka 1538 amri zilitolewa kukataza hija na heshima kwa sanamu. Katika kijiji cha Llandderfel palikuwa na sanamu kubwa ya mti ya Mtakatifu Derfel, iliyoendewa na mamia ya watu wenye kuleta ng'ombe, farasi na fedha. Sanamu ile ilichukuliwa mpaka London, na mwezi wa Mei mwaka huo ikachomwa katika moto ule ule uliomwua padre John Forest, aliyekataa kumtambua Mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. Sanamu ya mnyama wa mti, ambayo yasemekana ilikuwa pamoja na ile ya mtakatifu, ingali imehifadhiwa Llandderfel.

Picha za ukutani zilipakwa chokaa, na viambaza vingi vilivunjwa. Ni bahati kwamba makanisa yaliyokuwa mbali milimani, kama Partrishow, yalikuwa madogo na maskini kiasi cha kutoangaliwa sana. Wala hija ya Holywell haikukoma. Mwaka 1629, ijapokuwa sheria ilikataza, watu zaidi ya 1,000 walikutanika huko siku ya Mtakatifu Winefride.

KISIMA KILICHOGEUZWA KUWA TISHO

Si haki kueleza mema tu. Jambo lililoanza kwa ibada laweza kugeuzwa kuwa chombo cha kuwanyonya watu, na mfano wake ni kisima cha Mtakatifu Elian karibu na Colwyn Bay. Hapo kwanza watu walikwenda kutafuta afya. Lakini kufika karne ya 18 kisima kilikuwa kimepata sifa nyingine: mtu mwenye chuki aliweza kumlipa mlinzi wa kisima, na herufi za jina la adui zikaandikwa na kutumbukizwa majini ili apatwe na mabaya.

Mtu aliyesikia kwamba jina lake limetiwa kisimani alishikwa na hofu. Hakula, hakulala, na kila homa au hasara aliihesabu kuwa ni kazi ya kisima. Mwisho alikwenda mwenyewe kwa mlinzi yule yule, akalipa fedha ili jina litolewe. Hivyo mlinzi alipata malipo mara mbili, kwa anayelaani na kwa anayelaaniwa. Mwaka 1829 kisima kilibomolewa. Hata hivyo mtu mmoja, John Evans, aliyejulikana kwa jina la Jac Ffynnon Elian, aliyaelekeza maji kwenye bustani yake akaendelea na biashara. Mwaka 1831 alihukumiwa kifungo cha miezi 6. Maji hayakuwa na kosa lo lote. Kilichowaumiza watu ni hofu yao wenyewe, na mtu aliyejua kuiuza.

MWAKA MAJI YALIPOKATIKA

Maji ya Holywell yalikuwa na kazi nyingine pia. Kijito kilichotoka kisimani kilishuka kwa nguvu kwenda baharini, safari ya zaidi kidogo ya maili moja, na katika karne ya 18 kiliendesha viwanda vya pamba na vya shaba vilivyojengwa bondeni. Kwa hiyo kisima kimoja kiliwalisha mahujaji, wafanya kazi na wenye mali.

Katika milima ya jirani ilikuwamo migodi ya risasi, na migodi ilifurika maji. Wenye migodi walichimba njia ndefu chini ya ardhi ili kuyaondoa. Mwezi wa Januari mwaka 1917 njia hiyo iliikata mishipa ya maji iliyokilisha kisima, na chemchemi iliyobubujika kwa karne nyingi ikakauka mara moja. Baada ya miezi kadhaa yaliletwa maji kutoka chanzo kingine cha chini ya ardhi, nayo ndiyo yanayotiririka hata sasa, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko zamani. Amri ya mfalme haikuweza kukifunga kisima hicho mwaka 1538, lakini tundu moja la mgodi liliweza.

HALI YA SASA

Tangu karne ya 18 watu wengi wa Wales waliacha makanisa ya kale wakajiunga na madhehebu mapya yaliyojenga nyumba zao za ibada vijijini na mijini. Mwaka 1920 Kanisa la Anglikana katika Wales liliacha kuwa kanisa la dola. Kisha vijana waliyahama mashamba ya milimani kwenda kutafuta kazi, na makanisa mengi yakabaki na waumini wachache. Kanisa lisilo na watu halianguki kwa siku moja. Kigae kimoja huondoka, maji ya mvua huingia, boriti huoza, na baada ya miaka michache paa hulala chini.

Mwaka 1957 kilianzishwa chama cha marafiki wa makanisa yasiyo na marafiki, na kazi yake ni kuyashika makanisa yaliyofungwa ili yasibomoke. Tangu mwaka 1999 chama hicho kimekuwa kikipokea makanisa ya Wales kwa mapatano maalum, kikisaidiwa kwa fedha za serikali na za Kanisa lenyewe. Moja katika hayo ni kanisa dogo la Tal-y-llyn katika Anglesey, lililosimama peke yake mashambani.

Visima vina shida zaidi kuliko makanisa. Kisima hakina paa la kuonekana kwa mbali, na mabomba yalipofika vijijini watu waliacha kwenda kuteka. Vingine vimefukiwa na barabara, vingine vimekanyagwa na ng'ombe, na vingine vimefunikwa na miiba hata mwenye shamba hajui kilipo. Katika sehemu kadhaa wenyeji wamejitolea kuvisafisha. Maji yanayotazamika kuwa safi yaweza kuwa na uchafu wa mifugo, na kwa hiyo si kila kisima kilichosafishwa kinafaa kunywewa.

Kazi ya kuvihifadhi vitu hivyo ni ndogo na haina sifa: kuzibua mfereji, kurudisha kigae mahali pake, kukata miiba, kufagia. Katika kanisa la Pistyll, pwani ya kaskazini-magharibi, iko desturi ya kutandaza majani yenye harufu nzuri sakafuni wakati wa Krismasi, wakati wa Pasaka, na mwanzoni mwa mavuno. Majani hayo huokotwa katika mashamba ya jirani, hunyauka baada ya siku chache, na hapo lazima wapatikane watu wa kuyaondoa na kuleta mengine.